Baba Alionekana Buger

Baba yangu alikuwa amesahau njia ya kurudi nyumbani, na mimi kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba si kweli. Nilisema mzee anapenda kutembea. Nilisema wazee wa Mbulumbulu wamezoea milima, huwezi kuwafungia ndani kama kuku wa kisasa. Siku aliyokutwa amesimama katikati ya ngano ya jirani, akiuliza nani amelihamisha zizi la baba yake, nilisema ni utani. Baba alikuwa mtu wa utani tangu zamani, na kisingizio hicho kilinitosha mwaka mzima.

Aliyekikataa ni wifi yangu, mke wa kaka. Kaka ni dereva wa watalii. Wiki nyingi yuko Serengeti, na zinazobaki yuko njiani kwenda huko. Kwa hiyo aliyeishi na Baba kule Mbulumbulu, aliyempikia, aliyemfulia na aliyemtafuta jioni kwa jioni, ni huyo wifi. Mimi naishi Karatu mjini, kwenye nyumba yenye rafu za vitabu, na siku zile nilikuwa nikiandika makala za magazeti kuhusu jinsi jamii inavyopaswa kutunza wazee wake. Wifi alizisoma.

"Umeandika vizuri," aliniambia. "Sasa njoo Jumamosi umwogeshe."

Nilikuwa pia katibu wa mtandao. Ni mtandao wetu wenyewe, wa wananchi, ulioanza kwa sababu minara ya simu haikufika kwenye mabonde yetu, au ilifika ikaishiwa pumzi. Tulinunua visanduku vyeupe vyenye antena, tukavifunga juu ya mapaa ya shule, ya zahanati, ya makanisa, na ya mtu yeyote ambaye nyumba yake ilikuwa imesimama mahali pa kuonekana. Sanduku moja linaongea na jingine, hilo nalo linaongea na la tatu, mpaka neno la mtu linafika mjini. Hakuna mwenye mtandao huo peke yake. Kwenye mkutano wa kwanza nilisimama nikawaeleza watu kwamba haya masanduku ni kama zile sufuria kubwa za kikundi cha akina mama: ni za wote, zinakaa kwa mmoja, na zinakwenda panapohitajika. Watu walipiga makofi. Sikujua kwamba walikuwa wameuelewa mfano huo kuliko mimi niliyeutoa.

Baadaye tukaleta vidude vya ng'ombe. Ni kitu cha ukubwa wa kiberiti, unakifunga shingoni mwa mnyama, nacho kila baada ya muda kinaita jina lake hewani. Kidude chenyewe hakijui kiko wapi. Sanduku linalokisikia ndilo linalotoa habari: nimemsikia fulani. Basi kwenye ramani, iliyokuwa kwenye simu ya kila mwanachama, inatokea nukta ya kijani kando ya sanduku hilo, na wewe unajua ng'ombe wako yuko karibu na zahanati, au karibu na shule, au yuko tumboni mwa mtu. Masanduku mengi yakimsikia pamoja, ramani inapima na kumweka katikati yao. Likimsikia moja tu, ramani inaliamini hilo moja. Milimani kwetu, mara nyingi ni moja tu.

Nilipolieleza hilo mkutanoni, Baba alikuwapo. Wifi alikuwa amemleta kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Akanyoosha mkono.

"Na hilo sanduku," akauliza, "lenyewe linajuaje liko wapi?"

"Tumeliandikia, Baba. Siku tulipolifunga."

"Na likihama?"

"Sanduku halina miguu, Baba."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikiwahi kufunika aibu, kwa sababu wakati ule kila kitu machoni pa Baba kilikuwa kimehama: zizi, kisima, barabara ya kanisani, hata mlango wa chumba chake, ambao alidai mtu ameusogeza. Nilidhani ni ugonjwa uleule unaouliza, ule ambao nilikuwa nikisema haupo. Mwenyekiti wetu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu mpole, alisema, "Aako ametuchangamsha," na tukaendelea na ajenda. Aako kwa Kiiraqw ni babu, ni mzee wa kuheshimiwa, na ni neno zuri la kumnyamazishia mtu.

Ndipo nikapata wazo langu. Kidude kimoja kilibaki baada ya ng'ombe wote kufungiwa, nikakipeleka Mbulumbulu. Wifi alipasua pindo la koti la Baba, lile koti zito la kijivu ambalo hakuwahi kulivua kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, akakitia ndani, akashona kwa uzi wa bluu uliobaki kwenye sweta ya shule ya binti yake. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anatuangalia.

"Mmenifunga kengele," akasema.

"Si kengele, Baba. Ni ya kutusaidia tu."

"Sawa. Mimi ni ng'ombe wa nani?"

"Wa kwangu," wifi akamjibu.

"Basi umepata hasara," akasema Baba, na tulicheka wote watatu, kicheko cha kweli. Ndicho cha mwisho ninachokikumbuka.

Tangu siku hiyo nikatulia. Nilikuwa nikifungua ramani asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Nukta ipo kando ya sanduku la shule ya Mbulumbulu, basi Baba yupo, basi Baba mzima. Wageni walipouliza hali ya mzee niliwaonyesha simu. Mtu ambaye unajua alipo hajapotea. Huo ndio ulikuwa utetezi wangu mpya, na ulikuwa bora kuliko ule wa utani kwa sababu ulikuwa na picha. Safari zangu za Jumamosi zilipungua. Wifi alimwogesha mwenyewe.

Siku chache kabla ya mambo kuharibika niliona ajabu kwenye ramani. Ramani yetu huchora mstari kati ya sanduku na sanduku yanayoongea, na siku hiyo palikuwa na mstari mmoja mrefu, mwembamba, ulioanzia kanisa la Buger, ukapita juu ya Karatu mjini, juu ya paa langu mwenyewe, mpaka shule ya Mbulumbulu. Asiyeijua nchi yetu aelewe kwamba Buger iko upande mmoja wa mji na Mbulumbulu upande mwingine, na kwamba kisanduku chetu kikijitahidi sana huvuka bonde moja. Mstari ule haukuwezekana. Nikaupiga picha, nikautuma kwenye kundi la wanachama, nikaandika chini yake: "Tunakua." Watu wakaniwekea vidole gumba.

Baba aliondoka asubuhi ya ukungu, ule wa mwezi wa saba unaokaa mlimani mpaka watoto wa shule wanapata mapumziko. Wifi alipiga simu akihema.

"Mzee hayupo. Nimeenda kukamua, narudi kitanda kitupu. Majirani wameanza kupanda juu, upande wa msitu."

"Subiri," nikasema. Nikafungua ramani. "Yupo. Nimemwona."

"Wapi?"

"Buger."

"Buger?"

"Kanisani pale. Nukta inawaka sasa hivi."

"Amefikaje Buger, dada?"

"Atakuwa amepewa lifti. Watu wanamfahamu."

Nilisikia anakaa chini. "Ee Mungu, asante," akasema, na akaanza kulia kwa kufarijika. Mimi niliyekuwa nimesoma zaidi sikulia. Nilifanya kazi. Niliwapigia simu mmoja mmoja wale majirani waliokuwa wamekwishaanza kuupanda mlima, nikawashukuru, nikawaambia warudi wakanywe chai, mzee ameonekana Buger. Wakarudi. Hilo ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu jikoni: nilivyowashukuru vizuri.

Tulikwenda Buger na mwenyekiti kwa gari la kukodi. Kule kulikuwa na jua na vumbi, mbaazi zimekauka mashambani, mpaka nilianza kuhofia kwamba Baba atasikia joto na koti lile. Kanisa lilikuwa limefungwa. Tulizunguka nyumba za jirani tukiuliza. Hakuna aliyemwona mzee wa koti la kijivu. Mwenyekiti alikuwa ameshika simu mbele ya kifua kama mtu anayebeba Ekaristi.

"Yuko hapahapa, dada. Inasema yuko hapahapa."

Tukaita jina la Baba kwenye mashamba ya watu. Mbuzi wakatuangalia. Tuliingia kwenye korongo nyuma ya kanisa, tukatoka, tukaingia tena. Mchana nukta ikazimika.

"Ameingia kwenye nyumba ya bati," mwenyekiti akasema. "Bati linazuia mawimbi."

"Atakuwa anakula," nikasema.

Tukaanza kupita kwenye nyumba za bati. Ni nyingi.

Alasiri ndipo katekista alipotoka shambani, jembe begani, akatukuta tumekaa kwenye ngazi za kanisa lake. Tukamweleza. Akasikiliza kwa heshima, akauliza, "Samahani, mnatafuta sanduku au mnatafuta mzee?"

"Mzee," nikasema. "Lakini yuko karibu na sanduku."

"Basi yuko Mbulumbulu."

Nikatazama juu ya paa. Palikuwa na bomba la kushikilia antena, na waya uliokatwa vizuri na kuviringwa ili usiharibike. Sanduku halikuwapo. Nilikuwa nimezunguka kanisa lile tangu asubuhi, macho yangu yakiwa kwenye simu.

Katekista akatueleza, akishangaa kidogo kwamba hatujui. Binti mmoja wa Buger alikuwa ameolewa Mbulumbulu, kwenye boma la juu kabisa, linalopakana na msitu. Alifariki. Watu wa kwao walikwenda kuzika kama inavyopasa: walibeba turubai, viti, sufuria, na wakabeba sanduku, maana marehemu alikuwa na watoto walio mbali, wengine ng'ambo, nao walitaka wamwone mama yao akishushwa. Walilifunga kwenye nguzo ya turubai, likaongea na sanduku la shule, na watoto wakaona.

"Na hamkulirudisha?" mwenyekiti akauliza.

"Mwalimu," katekista akasema, "matanga hayajaisha. Sufuria ya msiba inadaiwa?"

Haidaiwi. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Kwetu chombo kilichokwenda msibani kinakaa mpaka wafiwa wenyewe wakirudishe, kimeoshwa, na ndani yake wametia kitu kidogo, mahindi au maharage. Ukikifuata kabla, umewaambia wafiwa wamelia vya kutosha. Nami mazishi yale niliyaona. Niliyatazama kwenye simu yangu, nimekaa kitini kwangu mjini, nikasifu jinsi picha ilivyo safi. Niliwaandikia pole. Sikujiuliza hata kidogo picha ile inapita kwenye sanduku gani.

Njia yote ya kurudi mwenyekiti alikuwa akijieleza, si kwangu, kwa dashibodi ya gari. Alisema kosa si la sanduku. Sanduku lilimsikia mzee kweli. Lilisema kweli kwamba limemsikia. "Uongo uko kwenye pale tulipoandika wapi," akasema. "Na pale palikuwa kweli siku tulipoandika." Nilimwomba anyamaze. Tulipokaribia Karatu akasema, "Ule mstari wako wa 'Tunakua.'"

Boma la msiba tulilifikia jua likizama. Mgane, yule mume wa marehemu, alikuwa amekaa chini ya turubai. Sanduku letu lilikuwa nguzoni juu ya kichwa chake, na kitaa chake kikipepesa.

"Aako alipita," akasema. "Asubuhi na mapema. Alitupa pole, tukampa chai, akakaa sana. Anazungumza vizuri tu. Mchana hivi akasema sasa anakwenda Olbalbal kumwona rafiki yake."

"Na mkamwacha?"

Yule mume akaniangalia bila ubaya. "Tulidhani ni utani, dada. Si wewe unasema siku zote mzee ana utani?"

Rafiki wa Olbalbal alikuwapo kweli, lakini alikwishakufa zamani sana. Baba alipokuwa kijana walivuka msitu kwa miguu, yeye na vijana wenzake, wakabeba mahindi na maharage mgongoni, wakapita ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano, na kushuka upande wa pili mpaka kwenye ile nchi kavu, Wamaasai walikokuwa na mifugo na hawana nafaka. Alirudi na ndama. Ng'ombe wetu wote walitokana na ndama yule, na ada yangu ya shule ilitokana na ng'ombe wale, kwa hiyo hata huu ujinga wangu wa kisomi umetokea Olbalbal ukiufuatilia vizuri.

Tulitafuta. Kaka aliacha watalii wake kwa mwenzake, akaja. Askari wa hifadhi walikuja, watu wazuri, wakatutangulia na bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Wenyeji walipanda tena, walewale niliokuwa nimewashukuru, na hakuna aliyenikumbusha. Ukungu ulikuwa haujainuka. Unamwita mtu aliye hatua chache mbele yako, na sauti inakurudia imelowa. Tulikuta mavi ya tembo, tukakuta mitego ya waya, tukakuta kijito ambacho kaka alisema Baba alikitaja katika hadithi zake. Baba hatukumkuta. Baridi ya kule juu wanaijua wanaolala kule, na hata wao hawalali bila moto.

Baada ya siku nyingi askari walisema wataendelea kuwa macho, na mtu yeyote aliyewahi kuambiwa hivyo anajua maana yake.

Kukawa na shida ambayo sikuwa nimeifikiria: mtu asiye na kaburi hana msiba. Watu walikuja wakakaa, lakini hawakujua wakae vipi. Kina mama hawakujua kama wapike kama msibani au kama kwa mgonjwa. Mchungaji aliomba sala ambayo ingefaa kwa vyote viwili. Hakuna aliyefunga turubai. Wifi aliendelea kumwekea Baba makande yake kwenye bakuli lenye kifuniko, jioni, na asubuhi akawapa kuku. Nilimwambia aache. Akasema, "Niache kwa sababu gani? Nipe sababu."

Mtandao nao ulifanya mkutano. Mwenyekiti alikuja na mapendekezo, ameyafikiri vizuri. Kila sanduku lithibitishwe na majirani zake: sanduku likisema liko Buger lakini linaongea na la Mbulumbulu, ramani ilikatae. Kila mwenye paa atume picha ya antena mara kwa mara. Mtu mmoja akapendekeza masanduku yasiazimwe misibani. Mama mmoja akasema taratibu, "Na wewe ukifiwa?" Pendekezo likafa. Tulipitisha kwamba anayehamisha sanduku atoe taarifa kwa katibu. Katibu ni mimi. Tangu siku ile hajatoa taarifa hata mtu mmoja, na ukiangalia mistari ya ramani utaona masanduku yanazunguka wilaya nzima kama wageni wa harusi.

Ukungu ulikwisha, upepo wa mwezi wa tisa ukaanza. Jumamosi moja nilikuwa Mbulumbulu, maana Jumamosi zangu zilikuwa zimerudi sasa ambapo hazikuhitajika tena, tunachambua maharage uani na wifi. Nilifungua ramani. Sijui kwa nini. Mazoea tu, kama ulimi unavyorudi kwenye jino lililong'oka.

Nukta ilikuwa inawaka. Jina la Baba. Olbalbal.

Kule tulikuwa na sanduku moja, kwenye kibanda cha pampu, mahali mifugo inaponyweshwa. Nililipigania mimi mwenyewe, ili wafugaji wa kule nao wawe wa mtandao, na linatufikia kwa kupitia loji moja iliyo ukingoni mwa kreta, siku ambazo jua limependa kulichaji. Nilimwonyesha wifi simu. Akaushika mkono wangu ili asome.

"Amefika," nikasema. "Wifi, amefika kwa rafiki yake."

Aliangalia muda mrefu, kisha akarudi kwenye ungo.

"Hata Buger alikuwepo," akasema.

Nilimpigia mwenyekiti. Nilitaka aniambie ni kweli. Alianza kuhesabu mashaka yake kwa sauti ya huruma. Sanduku lile hakuna aliyeliona tangu tulifunge. Huenda limehamishwa. Huenda limeibwa liko Karatu, linauzwa. Huenda kiwandani walitengeneza vidude viwili vyenye jina moja, na huyu ni ng'ombe wa mtu. "Dada, usijenge," akasema. "Tafadhali, usijenge chochote juu ya hiyo nukta."

Kabla ya Buger ningemcheka. Nilikata simu nikatafuta namba ya mtunza pampu. Haikupatikana. Nikamwachia ujumbe: nani yuko hapo kwenye maji, anipigie, nina shida ya mzazi. Tukaendelea kuchambua. Nilikuwa natupa maharage mazima na kubakiza mawe. Wifi akayaokota maharage, akayarudisha.

Simu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, Kiswahili cha Kimaasai, kila neno limewekwa chini peke yake.

"Mama, shikamoo. Mtu wa pampu amesema wewe unatafuta mtu."

"Marahaba. Uko wapi, ndugu yangu?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwa maji. Olbalbal."

"Kuna sanduku jeupe hapo. Unaliona?"

"Naona. Ndege amejenga juu yake."

"Unaliona kwa macho yako? Hujaambiwa?"

"Mama, unataka nilipige?"

"Lipige."

Nikasikia fimbo, ko, ko, ko, juu ya kitu cha plastiki, na mlio huohuo ukakatika na kurudi, kwa sababu simu ile ilikuwa ikipita kwenye sanduku lilelile alilokuwa akiligonga. Wifi alikuwa ameweka ungo chini. Nikaiweka simu kwenye spika ili naye asikie.

"Hapo ulipo kuna mtu mwenye koti la kijivu? Zito, la zamani?"

"Yupo."

"Mzee?"

"Hapana. Ni mimi."

Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu yake, na nyuma yake ng'ombe wengi. Nilimuuliza pindo la koti limeshonwa na uzi wa rangi gani. Alichukua muda, anageuza.

"Bluu," akasema. "Kuna kitu kigumu ndani. Nilifikiri ni dawa ya mwenyewe, sikutoa."

"Ulilipata wapi?"

Nikasikia anamfokea ng'ombe kwanza.

"Ndugu yangu, huyo ni baba yangu."

"Ndiyo," akasema. "Pole, mama." Kisha akasema kwamba ilikuwa msituni, upande wetu, wakati wa baridi. Ng'ombe walikuwa wamepanda huko, naye akawafuata, na huko ng'ombe hawatakiwi. Alimkuta chini ya mti mkubwa, siku imekwishapita, labda mbili. Hakuwa ameguswa na mnyama. "Alikuwa amevua koti. Amelikunja vizuri, ameweka juu ya jiwe. Na viatu pembeni. Kama mtu amefika kwake, anataka kulala."

Wifi akafumba macho.

"Nilimfunika na majani, na mawe juu," yule mtu akaendelea. "Nikaongeza mawe mengi. Sikusema kwa askari. Wangeuliza nilikuwa wapi, na mimi nilisema nilikuwa hapa." Akavuta pumzi. "Mahali napajua. Nitawapeleka. Lakini usiseme kwa watu nilikuwa wapi."

Nikamwambia sitasema, na mahali penyewe sitapaandika.

"Na koti?" akauliza.

"Kuna baridi huko?"

"Ipo."

"Basi livae."

"Na hiki kitu cha ndani? Nikitoe, au nikiache?"

Nilifungua mdomo kumwambia akiache. Nilikuwa nimekwishaona vile itakavyokuwa: nukta asubuhi kabla ya kupiga mswaki, inatembea na ng'ombe, inakwenda majini, inarudi, na mimi nawaambia watu mzee yuko Olbalbal, mzee anapenda kutembea. Wifi akanyoosha mkono wenye vumbi la maharage, akaichukua simu.

"Kitoe, ndugu yangu," akasema. "Tumeshajua alipo."